Moto wa Tillyfoskie

Montrose, 4 Mei 1997

Mjukuu wangu Rhona,

Kwa miaka sitini nimemficha mtu aliyeichoma nyumba ya Tillyfoskie. Si Alec Riddoch. Ni mimi.

Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu ningeishia kwenye mvua na bei ya makaa. Sasa basi, hujambo? Gari lako jekundu linaendaje, bado linapiga kelele ukipanda mlima? Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu ambaye daktari wake ameacha kumpangia siku ya kurudi. Moyo umechoka, anasema, na kwa umri wangu haushoneki. Asubuhi nakula uji wa oti, mchana supu, jioni namsikiliza muuguzi akilalamika kuhusu mumewe. Sina maumivu.

Orodha ya safari yako nimeibandika ukutani karibu na kitanda. Kasri na nyumba za kale tisa, na kila mahali ubao mmoja wa maelezo kwa wageni, maneno mia na ishirini. Tillyfoskie ni ya tisa. Barua hii naipeleka Craigmorrie, kwenye nyumba ya wageni uliyosema utafika Jumatano. Nakuomba kitu kimoja tu: usiuandike ubao wa Tillyfoskie mpaka nimalize kukueleza.

Usinipigie simu. Kwa mdomo nimeusema uongo huu mara nyingi mno, unateleza wenyewe. Kwa kalamu nitajilazimisha.

Ni mimi,
Babu yako


Craigmorrie, 9 Mei 1997

Babu,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri, na kwamba muuguzi amepatana na mumewe.

Barua yako niliisoma garini, nje ya nyumba ya wageni, nikaisoma tena. Nilidhani ni homa. Halafu nikaangalia mwandiko: umenyooka kama ule wa kwenye madaftari yangu ya shule ulipokuwa ukinisahihishia. Mtu mwenye homa haandiki hivyo.

Gari linapiga kelele hata likiteremka sasa. Nimemaliza sita. Kule Invertarvie viti vyote vya ukumbini vimewekewa mbigili kavu ili wageni wasikae, na bado bwana mmoja alikaa. Aliruka! Mzee anayetembeza wageni, mwenye sketi yake ya kiume ya Kiskoti na magoti kama mizizi ya mti, akamwambia, "Bwana wee, hicho kiti kimekaliwa na mfalme mmoja tu, naye hakupiga yowe." Watu wakacheka mpaka mwongozaji wa chumba cha pili akaja kutunyamazisha. Mzee huyo huyo alinichukua kando akanionya: "Binti, ubaoni usiandike kwamba hapa hapana mzimu. Ukweli wako utatuua njaa."

Kwa hiyo nimekuwa nikifikiria mambo ya ukweli hata kabla ya barua yako.

Babu, unasema kwa kalamu utajilazimisha. Nimefungua faili langu la Tillyfoskie. Chanzo cha habari ni kimoja tu, kijitabu kile cha rangi ya kijani, "Nyumba za Bonde Letu," cha 1961. Ukurasa wa arobaini na nne: "Nyumba iliungua Februari 1937 kwa uzembe wa mlinzi wake, A. Riddoch." Kila aliyeandika baadaye amenakili hapo. Na kijitabu hicho kimeandikwa na F. Lumsden, mwalimu wa historia, Montrose. Kumbe kwa kalamu pia umedanganya.

Sijakasirika. Bado sijui nikasirike kwa kiasi gani. Nieleze. Maneno ya mbao zote tisa yanatakiwa kiwandani Ijumaa, tarehe thelathini. Yakishachorwa kwenye chuma yatakaa miaka arobaini.

Nitakuwa Pitlurie mpaka tarehe kumi na saba, halafu Tillyfoskie.

Mjukuu wako,
Rhona


Montrose, 14 Mei 1997

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimefurahi umefika salama na nimecheka kuhusu yule bwana wa mbigili. Mimi ni vilevile, isipokuwa miguu imevimba na sasa naandika nikiwa nimelala, ndiyo maana mistari inapanda.

Unayosema kuhusu kijitabu ni kweli. Sitajitetea.

Sikiliza. Mwaka 1937 nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa pili chuo kikuu Aberdeen. Baba yangu alikuwa mshona viatu. Karo yangu ililipwa na mwinyi wa Tillyfoskie, na likizo za baridi nilimlipa kwa kumworodheshea vitabu vyake, elfu tatu na ushei. Yeye na familia yake walikuwa Edinburgh miezi yote ya baridi. Nyumba ilikuwa imelazwa: madirisha yamefungwa, fanicha zimefunikwa mashuka, mazulia yamekunjwa. Tulikuwa wawili, mimi na mlinzi, Alec Riddoch. Yeye alikaa kijumba cha langoni na binti yake mdogo. Mimi nililala chumba cha juu kabisa cha mnara.

Nyumba kama ile ikikosa moto, unyevu unaila. Kwa hiyo kazi ya Riddoch wakati wa baridi ilikuwa kuwasha meko moja kila wiki, kwa zamu. Lakini kwanza apande juu ya paa na kamba, afunge kifurushi cha matawi ya miiba, akishushe na kukivuta ndani ya dohani mpaka masizi na viota vya kunguru vianguke. Kunguru wa Tillyfoskie walijenga kama wanaojengea wajukuu. Dohani isiyosafishwa, meko yake aliifunika ndoo ya bati kichwa chini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake. Ndoo ikiwa pale, huwashi.

Maktaba ilikuwa na ndoo.

Tarehe kumi na sita Februari wino uliganda ndani ya kidau. Nilimwambia Riddoch asubuhi, "Bwana Riddoch, nitakufa humo."

Akasema, "Hufi. Zamu ya maktaba ni Jumatatu. Vaa makoti mawili, bwana Lumsden, au usome vitabu vyenye joto."

"Viko?"

"Yako mahubiri ya babu yake mwinyi. Yana jehanamu nyingi."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Akaenda malishoni kuzibua mfereji. Saa nane mchana niliiondoa ndoo. Nilijua maana yake. Nilijiambia moto mdogo tu, vijiti viwili na gogo moja, utazimika kabla hajarudi. Uliwaka vizuri. Nikaridhika, nikavaa koti, nikaenda kijijini kununua wino. Niliporudi, paa lilikuwa limekwisha.

Riddoch walimkuta ndani. Alitolewa kwa ngazi, mikono imeungua. Wakauliza mlinzi alikuwa akifanya nini ndani, na nani mwingine ana ufunguo na kazi ya kuwasha moto. Mimi nikakaa kimya. Karo, Rhona. Baba yangu alikuwa amekwisha waambia wateja wake wote kwamba mwanawe atakuwa mwalimu. Mwinyi akamfukuza Riddoch, kisha akabomoa kipande cha paa kilichosalia, maana nyumba isiyo na paa haitozwi kodi. Ndiyo magofu utakayoyaona.

Nimechoka. Liandike jina langu kwenye ubao badala ya lake.

Babu yako


Tillyfoskie, 19 Mei 1997

Babu,

Shikamoo. Umeamkaje? Miguu ikivimba muuguzi akuwekee mito miwili, si mmoja.

Nimefika. Miti imeota ndani ya ukumbi, na ukitazama juu kuna meko inaning'inia ukutani orofa ya tatu, haina sakafu, na kunguru wanaingia na kutoka. Nilikaa kwenye jiwe nikala mkate wangu. Halafu nikasikia, "Hilo jiwe ni la wanaolipa!"

Alikuwa mwanamke mwenye buti za mpira na koti la kiume, na ndoo ya chakula cha kuku.

"Nilipe kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa kuku. Hapana mwingine anayejali." Akanitazama. "Wewe ndiye wa mbao? Nilitegemea mtu mrefu zaidi."

Ni Bi Mina Riddoch. Williamina, kwa jina la ubatizo, na akasema nikilitumia atanifungulia bata bukini. Anakaa kijumba cha langoni, kile kile. Alirudi kukipanga mwaka wa sitini na tatu, shamba lilipouzwa. Ana miaka sitini na tisa. Ndiye yule binti mdogo, Babu.

Akaniandalia chai na supu ya samaki wa moshi. Nikauliza niketi wapi. "Popote, ila pale ni pa paka, na pale ni pa baba." Kiti cha baba yake kipo mpaka leo. Nilisimama kidogo kabla sijapata pa kukaa.

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga kumwambia taratibu, lakini yeye si mtu wa taratibu. Nikasema, "Bi Mina, Fergus Lumsden ni babu yangu, mzaa mama. Ameniandikia kwamba moto aliuwasha yeye."

Akakoroga chai yake muda mrefu. Haina sukari, chai yake.

"Yu hai bado?" akauliza.

"Yu hai. Anaumwa."

"Hm. Nilidhani wanahistoria hufa mapema, kwa vumbi." Halafu akasema, "Kuwasha moto, mtu yeyote kijana hufanya ujinga. Baba alijua tangu siku ile ile. Aliikuta ile ndoo imewekwa pembeni, wima. Si hilo linaloniuma."

"Nini basi?"

Akanieleza. Babu yangu, sikiliza vizuri, maana hili hukuliandika. Mbele ya wakili wa mwinyi, baba yake alisema aliingia ndani kumtafuta mwanafunzi. Alisema hakumwona akitoka, akapanda mpaka chumba cha juu cha mnara. Na mwanafunzi akasimama akasema mchana kutwa alikuwa kijijini, na tena akasema kwamba alimuaga Bwana Riddoch malishoni, wakapungiana mikono. Wakili akamuuliza mlinzi, "Unaingia motoni kumtafuta mtu uliyempungia mkono?" Watu wakacheka.

"Vidole viwili vya baba vilishikana kwa kuungua," Bi Mina akasema. "Akavunja kokoto za barabara kwa mikono ile. Lakini hata hiyo aliizoea. Ambalo hakulizoea ni kichwa chake. Kila jioni aliniuliza, 'Mina, nilimpungia mkono? Wewe ulikuwepo langoni, alipita?' Mimi nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa shuleni. Alikufa mwaka wa arobaini na tisa akiamini kichwa chake kilimdanganya, kwamba kijana alimuaga kweli naye akasahau, akaenda kuungua bure. Akawa haamini hata kama amefunga mlango. Anarudi mara nne kuutazama."

Kisha akaniambia nimwulize kwa ajili yake. Anataka jibu moja. Ulimuaga, au hukumuaga? Ulikuwa kijijini?

Ni swali dogo. Nijibu kwa posta ya kesho.

Mjukuu wako,
Rhona


Montrose, 22 Mei 1997

Rhona,

Salamu nyingi. Hali yangu si nzuri, naandika kwa kifupi.

Mwambie Bi Mina namwomba radhi kwa moto. Kuhusu hilo lingine, ni miaka sitini. Nadhani nilimuaga. Nilikwenda kijijini, wino nilinunua, hilo nalikumbuka. Pengine aliinua mkono kwa sababu nyingine. Watu wawili huweza kulikumbuka jambo moja kwa namna mbili, na wote wakawa wakweli. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu.

Andika kwamba niliwasha moto. Inatosha.

Babu


Tillyfoskie, 25 Mei 1997

Babu,

Shikamoo. Pole kwa kuumwa. Nimeongea na muuguzi kwa simu, anasema unakula nusu bakuli. Kula.

Nimemsomea Bi Mina barua yako. Alikuwa akimenya viazi. Nilipofika pale pa watu wawili na namna mbili akaweka kisu chini akasema, "Msomi huyo. Mwambie baba yangu hakuwa na namna mbili." Akaendelea kumenya.

Baadaye tulitembea mpaka magofuni. Alinionyesha bustani, mlango wa nyuma wa maktaba, na njia ya kijijini. Njia ni moja tu, Babu. Inapita katikati ya malisho, kando ya mfereji ule aliokuwa akiuzibua. Mtu anayeelekea kijijini angempita karibu kiasi cha kumkanyagia koleo. Sasa basi, kama ulipita, alikuona. Na kama alikuona, hakuingia. Nami nimemtazama binti yake wiki nzima. Huu si ukoo wa watu wanaosahau. Anawajua kuku wake arobaini kwa majina.

Ubao wa Tillyfoskie nimeuandika. Una maneno mia na tisa. Nakunakilia sehemu ya mwisho:

"Tarehe 16 Februari 1937 mwanafunzi aliyekuwa akiorodhesha vitabu aliwasha moto katika meko ya maktaba ambayo dohani yake haikuwa imesafishwa. Viota vya kunguru vilishika moto, na paa likaungua. Mlinzi, Alexander Riddoch, aliingia ndani"

Hapo nimesimama. Nina nafasi ya maneno kumi na moja. Siwezi kuweka nukta baada ya "ndani", kwa sababu mtu aliyeingia ndani bila sababu ni mwizi au mwendawazimu, na hivyo ndivyo alivyoitwa maisha yake yote. Bi Mina hataki pesa wala hataki kesi. Anataka kujua kama baba yake alikuwa na akili timamu.

Nilikuwa nimepanga kuja kwako kesho. Nitabaki hapa mpaka Ijumaa. Sitakuja na swali hili mkononi nikakutazama ukilikwepa. Nakupenda mno, siwezi kulivumilia hilo.

Mjukuu wako,
Rhona


Montrose, 28 Mei 1997

Mjukuu wangu Rhona,

Marahaba. Muuguzi amenishikia ubao wa kuandikia, na leo hajamtaja mumewe. Nimekula bakuli zima ili umsikie akikuambia hivyo. Barua hii msomee Bi Mina yote, usimpunguzie neno. Akitaka kuitunza ni yake.

Wino niliununua kesho yake.

Sikuwa kijijini. Sikumuaga Alec Riddoch, wala hakuna mkono ulioinuliwa, wake wala wangu. Kichwa chake hakikumdanganya hata mara moja. Mwambie binti yake kwamba kati ya watu wote waliosimama mbele ya wakili yule, mwenye kumbukumbu kamili alikuwa baba yake, na mwenye kuzichezea nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimekaa na kitabu mapajani, nimevua koti kwa mara ya kwanza wiki ile. Kwanza nilisikia kama upepo. Halafu ikawa sauti kama gari moshi linapita ndani ya ukuta. Vipande vyekundu vikaanguka kwenye meko, vijiti vya kiota vikiwaka. Nilivikanyaga. Nikadhani nimemaliza, kumbe vilivyoanguka vilikuwa vichache na vilivyobaki vilikuwa juu, na moto ulikuwa umekwisha pita kwenye ufa wa dohani ukaingia kwenye mbao za paa. Nilipoona moshi ukishuka kutoka darini nilitoka kwa mlango wa nyuma, ule aliokuonyesha Bi Mina. Sikufunga. Nikavuka bustani, nikajificha nyuma ya ua wa miti iliyokatwa sawasawa. Nasema nikajificha kwa sababu ndivyo nilivyofanya. Mtu anayekimbia moto hana haja ya kuchuchumaa.

Nikamwona Riddoch akija kutoka malishoni, anakimbia na koleo mkononi, kisha akalitupa. Alisimama mlangoni kitambo kidogo. Nilidhani angekimbilia pampu. Akaingia.

Ubao wako ukamilishe hivi: "kumtafuta mwanafunzi, Fergus Lumsden, ambaye tayari alikuwa nje salama." Nimeyahesabu, ni tisa. Mawili yaliyobaki sitaki kuyatumia.

Wala usiandike kwamba niliogopa. Ni kweli niliogopa, lakini watu wakisoma neno hilo humsamehe mtu haraka. Nilikuwa nikihesabu. Nilikuwa na akili baridi kabisa. Niliwaza kwamba nikitokeza nitaulizwa nani aliyeondoa ndoo, na nisipotokeza pengine sitaulizwa. Niliwaza karo. Niliwaza baba yangu na wateja wake. Yote hayo niliyawaza huku Alec Riddoch akipanda ngazi ndani ya nyumba inayowaka, maana nilimwona akipita dirisha la orofa ya kwanza, halafu la pili, halafu lile dogo la mnara, kwenye chumba changu.

Nimewafundisha watoto wa watu miaka thelathini na minne. Kila asubuhi nilisoma majina yao kutoka daftarini, na kila jina nilisubiri sauti. Walidhani ni ukali.

Kwa kila dirisha alisimama akaniita. Hakuniita bwana Lumsden, kama alivyoniita kila siku. Aliita, "Fergus! Fergus, mwanangu, uko wapi?" Nilikuwa hatua thelathini kutoka ukutani, na hapakuwa na upepo. Nilimsikia kila mara alipoita, mpaka sauti yake ilipogeuka kikohozi. Sikuitika.